Kaveera: Tunamkamata mwuza rolex, mwenye mashine tunamwacha

KATIKA makutano ya Wandegeya, pale barabara ya Bombo inapokutana na ile inayopanda kwenda Chuo Kikuu cha Makerere, kuna kijana anayeuza rolex. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani ni saa ya mkononi. Rolex ya Kampala ni mayai yaliyokaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, kisha yakaviringishwa ndani ya chapati. Ni chakula cha wanafunzi, cha wauguzi wa Mulago wanaotoka zamu ya usiku, cha madereva wa boda boda, na cha walimu kama mimi ambao mshahara huisha kabla ya mwezi.

Kijana huyo huifunga rolex kwa kipande cha karatasi, kisha huitia ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Mfuko huo sisi Uganda tunauita kaveera. Watanzania waliwahi kuuita rambo. Kutoka mkononi mwake hadi mwisho wa rolex yangu ni mwendo wa dakika kumi, na baada ya hapo kaveera haina kazi tena.

Jioni moja hivi karibuni nilimkuta amekaa kwenye benchi, jiko limezimwa. Maofisa wawili walikuwa wamepita mchana, wakachukua bunda lake la kaveera na kumtaka alipe faini papo hapo. Hakuwa na fedha hizo, hivyo akapoteza siku nzima akihangaika kuzitafuta. Aliponiona aliniuliza: “Mwalimu, mimi kaveera nimeinunua dukani, na duka lina leseni. Duka nalo limeinunua kiwandani, na kiwanda kina leseni. Kwa nini wameanzia kwangu?”

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Sheria tunazo nyingi

Uganda haina uhaba wa sheria juu ya kaveera. Juni 2007, akisoma bajeti bungeni, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Ezra Suruma, alitangaza kupiga marufuku mifuko yenye unene wa chini ya maikroni 30, na ile minene zaidi akaiwekea ushuru wa asilimia 120. Mwaka 2009 Bunge likapitisha sheria ya fedha iliyokataza kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko hiyo, na utekelezaji ukapangwa kuanza Machi 2010. Viwanda vikaendelea na kazi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na taasisi ya Greenwatch, ikatamka kwamba kaveera inavunja haki ya wananchi ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Viwanda vikaendelea na kazi.

Aprili 2015 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikaanza msako, ikaingia kwenye supamaketi na kukusanya shehena za mifuko. Baada ya muda msako ukapoa. Mwaka 2019 ikaja Sheria mpya ya Mazingira ya Taifa, nayo ikarudi kwenye kipimo kile kile cha mwaka 2007, yaani maikroni 30.

Hebu tukitazame kipimo hicho. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Maikroni 30 ni sehemu tatu za mia za milimita, unene ulio chini ya unywele wa binadamu. Sasa mwuza rolex atajuaje kama kaveera aliyoishika ina maikroni 28 au 32? Hana kipimo. Mwenye duka hana kipimo. Hata ofisa anayemkamata, mara nyingi hupapasa mfuko kwa vidole na kutoa hukumu.

Katika mnyororo mzima yupo mtu mmoja tu anayejua unene wa kaveera bila kubahatisha, naye ni mwenye mashine. Mashine ya kutengeneza mifuko hupangwa unene kabla ya kuanza kuzunguka. Mfuko ukipunguzwa unene, kilo moja ya malighafi hutoa mifuko mingi zaidi, na faida huongezeka. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuvunja sheria hufanyika kiwandani asubuhi, na adhabu hutolewa Wandegeya jioni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Kijana wa rolex hajapewa haki yake.

Safari ndefu kwa kazi ya dakika kumi

Tuifuatilie kaveera kutoka ilikotoka. Uganda haitengenezi malighafi ya plastiki. Punje zile nyeupe zinazoyeyushwa kiwandani huagizwa kutoka nje, nyingi zikitoka nchi za Ghuba. Husafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha hupandishwa kwenye lori na kuanza safari ya karibu kilomita 1,170 kupitia Nairobi, Eldoret na Malaba hadi Kampala.

Lori la mzigo mzito katika barabara kama hiyo hutumia kiasi cha lita 35 hadi 40 za dizeli kwa kila kilomita 100. Piga hesabu, utapata zaidi ya lita 400 kwa safari ya kupanda tu. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Hiyo ni zaidi ya tani moja kwa lori moja, kabla hatujahesabu meli, kiwanda, wala lori la taka litakalokuja kubeba mabaki.

Na lori hilo likishashusha mzigo, linarudije? Uganda huingiza mizigo mingi kwa uzito kuliko inavyotoa. Kahawa, chai na samaki wetu hawatoshi kujaza makontena yote yanayopanda kutoka pwani, kwa hiyo mengi hushuka yakiwa matupu. Tunachoma mafuta kusafirisha hewa.

Babu zetu waliona usafiri mwingine. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Baadaye mabehewa yalivushwa ziwani kwa feri maalumu hadi Port Bell, hapa hapa Kampala. Kwa kila tani ya mzigo, reli na meli hutumia mafuta machache mno kuliko lori. Lakini tuliviacha vikafa. Mei 2005 feri ya MV Kabalega ilizama baada ya kugongana na mwenzake, MV Kaawa. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kwa mwekezaji kwa mkataba wa miaka 25, nao haukufika hata nusu ya muda wake. Mizigo ikahamia barabarani.

Dalili za kurudi nyuma kwenye akili zipo. MV Umoja ya Tanzania ilirejea kubeba mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018. Oktoba 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ni habari njema. Lakini reli itapunguza madhara ya njiani tu. Itakachokileta, kama ni takataka za kesho, zitabaki kuwa takataka, hata zikija kwa treni ya umeme.

Somo la kreti la soda

Nani basi amewahi kutatua tatizo hili katika nchi yetu? Jibu lipo mita chache kutoka kwa kijana wa rolex, kwenye kibanda cha vinywaji. Ni kreti la soda.

Chupa ya soda ya kioo haina hiari ya kupotea. Mwenye kibanda ameweka fedha ya dhamana kwa kila chupa na kila kreti. Ukitaka kuondoka na chupa, utaacha fedha, au utasimama hapo unywe hadi umalize. Mtoto akiokota chupa tupu anajua ina thamani. Lori la kiwanda linapoleta makreti yaliyojaa, huondoka na makreti yenye chupa tupu. Halirudi bure. Chupa huoshwa na kujazwa tena, na safari hiyo hurudiwa mara nyingi kabla chupa haijachakaa. Bia nayo ilifuata mtindo huo huo.

Msomaji, hebu pita Wandegeya asubuhi kabla wafagiaji hawajafika. Mtaroni utaona kaveera, chupa za plastiki za maji na za soda, na vikombe vya mtindi. Chupa ya kioo yenye dhamana hutaiona, na ukiiona imevunjika. Wanywaji ni wale wale, na elimu yao ya mazingira ni ile ile. Tofauti ni moja: chupa ya kioo imelipiwa nauli ya kurudi nyumbani, na kaveera imepewa tiketi ya kwenda tu.

Mfumo huu haukuletwa na semina wala bango la kampeni. Wenye viwanda waliuanzisha wenyewe, kwa sababu kioo kilikuwa ghali na hawakutaka kukipoteza. Chupa ya plastiki ilipokuja ikawa rahisi kiasi kwamba mwenye kiwanda hakujali tena irudi au isirudi. Gharama ya kuiokota akaiachia halmashauri ya jiji, na gharama ya mafuriko akawaachia watu wa Bwaise.

Nasema Bwaise kwa makusudi. Maji ya mvua ya Wandegeya hushuka mabondeni kuelekea Bwaise na kinamasi cha Lubigi. Kaveera tunayoitupa huku juu ndiyo inayoziba mitaro kule chini. Ninao wanafunzi wanaoishi huko. Ikinyesha usiku, asubuhi wanakuja darasani na viatu vimelowa, au hawaji kabisa.

Viroba vilivyotoweka

Wapo wanaosema kuwa Uganda marufuku haziwezekani, kwamba wenye fedha wana nguvu na serikali ni dhaifu. Nilikuwa mmoja wao, hadi nilipoona kilichotokea kwa viroba.

Kwa miaka mingi waragi uliuzwa katika vipakiti vidogo vya plastiki kwa bei ya peremende. Vijana wa shule walivificha ndani ya soksi. Mimi mwenyewe nimewahi kuvikuta kwenye dawati. Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017. Uganda ikafuata, na mwisho wa Mei 2019 ukawekwa kuwa mwisho wa viroba. Kinywaji kikali kisifungashwe chini ya mililita 200, wala kisifungashwe ndani ya vipakiti vya plastiki.

Sisemi kwamba ulevi umekwisha, wala kwamba hakuna anayefungasha kwa siri. Lakini mitaro ya Wandegeya, ambayo zamani ilijaa vipakiti hivyo, leo haina wingi ule. Kwa nini viroba viliondoka na kaveera ikabaki?

Tofauti ni mahali ambapo sheria iliwekwa. Marufuku ya viroba haikumwendea mlevi aliyelala barazani. Ilimwendea mwenye leseni ya kutengeneza na kufungasha pombe, mtu mwenye anwani, mwenye mashine na mwenye leseni ya kupoteza. Alipewa tarehe na kipimo kinachoonekana kwa macho. Kila mtu anaweza kutofautisha kipakiti na chupa. Hakuna anayehitaji kupima maikroni.

Majirani zetu nao wamepita njia hiyo. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda ikapitisha sheria yake mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Wote hao hawakuweka tundu la maikroni kwa mifuko ya kubebea. Waliikataza, basi.

Hata hivyo kazi yao haikuwa bila kasoro. Tanzania ilijikuta ikipambana na vifungashio vyepesi vilivyogeuzwa kuwa mifuko ya kubebea. Kenya ililalamikia mifuko inayopenyezwa kutoka nchi jirani, na sisi Waganda tunajua jirani anayesemwa ni nani. Ndiyo maana marufuku ya nchi moja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kama kufagia ua ambao nusu yake ni ya jirani.

Chupa ya mafuta ya taa

Niruhusuni niseme kidogo habari zangu, kwa kuwa zinahusika. Wazazi wangu walinivusha mpaka wa Mutukula mwaka 1982 nikiwa na umri wa miaka mitatu, tukikimbia vita. Nilisoma Bukoba, nikarudi nyumbani mwaka 1999 nikiwa kijana ninayezungumza Kiswahili vizuri kuliko Luganda.

Tanzania ya miaka ile ilikuwa na shida ya kila kitu. Mama alinituma dukani na chupa ya mafuta ya taa, chupa nyingine ya mafuta ya kula, na kikapu. Mwenye duka alipima kwa kibaba na kumimina. Sukari ilitoka kwenye gunia na kuingia kwenye kopo tulilokuja nalo. Sabuni ilikuwa ya mche, akikata kipande kwa kisu. Siku niliyovunja chupa ya mafuta ya taa nilichapwa, na sikuchapwa kwa sababu ya mafuta. Nilichapwa kwa sababu ya chupa, maana mafuta yangepatikana wiki ijayo lakini chupa isingepatikana.

Sitaki kuupamba umaskini ule. Hatukuwa watunzaji wa mazingira. Tulikuwa hatuna vyombo. Nikiwaambia wanafunzi wangu turudi kwenye maisha yale watanicheka, na watakuwa na haki. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na akili ndani yake. Bidhaa ilisafiri kwa wingi katika gunia au pipa, bila hewa kati yake, na gunia likatumika tena. Mche wa sabuni ni sabuni tupu. Ukilinganisha na sabuni ya maji ya leo, sehemu kubwa ya chupa ile ni maji, na maji hayo tunayasafirisha kwa lori kana kwamba Kampala haina bomba.

Utaratibu ule haujafa. Soko la Wandegeya lililojengwa upya lina akina mama wanaopima maharage na mchele kutoka kwenye magunia. Safari yote ya maharage kutoka shambani imefanyika bila kaveera hata moja. Kaveera inaingia hatua ya mwisho tu, kwa sababu mnunuzi amekuja mikono mitupu na kaveera ni bure.

Bure hiyo ililipwa Kiteezi

Lakini hakuna cha bure. Kwa karibu miaka 30 taka za Kampala zilipelekwa Kiteezi, dampo lililofunguliwa mwaka 1996 kaskazini mwa jiji. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka na kufukia nyumba na watu waliokuwa ndani yake. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata wakuu wa Mamlaka ya Jiji la Kampala waliachishwa kazi, na lawama zikatosha kujaza magazeti kwa wiki kadhaa.

Darasani kwangu alikuwapo msichana ambaye mama yake aliokota chupa za plastiki pale Kiteezi na kuziuza kwa kilo kwa wanaozisaga. Kwa fedha hiyo alilipa karo. Mama alinusurika kwa kuwa siku hiyo alikuwa nyumbani na homa. Msichana alikaa wiki mbili bila kuja shule. Aliporudi hakuzungumza na mtu. Nilipomwita ofisini aliniambia kitu kimoja tu: “Mwalimu, mama anasema chupa zimekwisha.” Alimaanisha kazi imekwisha.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Mama yule alikuwa akifanya kazi ambayo mwenye kiwanda alipaswa kuilipia. Aliirudisha chupa nyumbani, bila mshahara na bila glovu, juu ya mlima ambao siku moja ungeanguka. Mjadala wetu ukaishia kwa nani alisimamia dampo vibaya. Ni swali halali. Lakini wachache waliuliza ni nani aliyeujaza mlima ule vitu visivyooza.

Hoja za upande wa pili

Haki inataka tuwasikilize wenye viwanda pia. Wanasema plastiki ni nyepesi, na kwa hiyo lori hubeba bidhaa nyingi zaidi kwa mafuta yale yale. Ni kweli. Chupa ya kioo ni nzito, na ikisafirishwa mbali sana faida yake kwa mazingira hupungua. Wanasema mifuko ya karatasi si malaika. Hilo nalo ni kweli. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulikadiria kuwa, kwa upande wa hewa chafu, mfuko wa karatasi unapaswa kutumiwa mara 3, na wa pamba mara 131, ili kuushinda mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja.

Lakini tusome hesabu hiyo hadi mwisho. Kwanza, haihesabu mtaro wa Bwaise wala ng'ombe aliyekufa na plastiki tumboni. Pili, inatufundisha kwamba kubadili plastiki kwa karatasi hakutoshi. Kinachookoa ni kukitumia chombo tena na tena. Kikapu cha mama yangu kilikwenda sokoni zaidi ya mara 131. Na kioo kina maana pale kiwanda na mnywaji wanapokuwa karibu, kama ilivyo kwa vinywaji vinavyotengenezwa hapa hapa Kampala na kunywewa Wandegeya.

Hoja ya ajira ni nzito zaidi, kwa maana viwanda hivi vimeajiri vijana wetu. Lakini kuosha chupa, kushona mifuko, kukusanya na kusaga plastiki nako ni ajira. Waliotengeneza viroba hawakufunga biashara ya pombe. Walihamia kwenye chupa.

Nini kifanyike

Kwanza, sheria ihamie kwenye geti la kiwanda. Malighafi yote ya plastiki hupita forodhani, na Mamlaka ya Mapato inamjua kila anayeingiza na kwa uzito gani. Hakuna kaveera inayotengenezwa Kampala kwa malighafi iliyochimbwa Nakasero. Kila mfuko uandikwe jina la kiwanda, na usio na jina uhesabiwe kuwa wa magendo. Kipimo cha maikroni kwa mifuko ya kubebea kiondolewe, tufanye kama majirani.

Pili, dhamana ya kreti iwekwe kwenye chupa za plastiki. Ujerumani imefanya hivyo tangu mwaka 2003, na mnunuzi hudai senti zake 25 anaporudisha chupa. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka mzalishaji abebe jukumu la taka zinazotokana na bidhaa zake. Hapa Uganda dhamana haitakuwa jambo geni hata kidogo. Kila mwenye kibanda anaijua. Na akina mama waliokuwa wakiokota chupa Kiteezi watapata bei inayojulikana badala ya bei ya huruma.

Tatu, lori lisirudi tupu. Anayeleta bidhaa madukani apewe wajibu wa kuondoka na vyombo vitupu, kama lori la soda linavyofanya. Na kwa safari ndefu ya Mombasa na Dar es Salaam, serikali iipe reli na feri mizigo yake yenyewe kwanza. Shehena za serikali zikiendelea kupanda kwa malori, tutamwambia nini mfanyabiashara?

Nne, mfanyabiashara mdogo apewe muda na mbadala kabla ya kupewa faini. Soko la Wandegeya linauza majani ya migomba kila siku, yale tunayofungia matoke na luwombo. Hayahitaji meli wala Malaba, na ng'ombe akila hafi.

Wiki iliyopita nilipita tena pale makutano. Kijana alikuwa amewasha jiko. Nilimwambia nimepata jibu la swali lake: walianzia kwake kwa sababu yeye hana geti, hana mwanasheria, na anaonekana kutoka barabarani. Alicheka, akavunja mayai mawili. Kisha akaniuliza kama nimekuja na chombo. Nilitoa kopo la plastiki la chakula cha mchana, lile ninalolibeba shuleni kila siku. Akaiweka rolex humo ndani, na mteja aliyekuwa nyuma yangu akanitazama kana kwamba nimetoka kijijini.

Sijajidanganya kwamba kopo langu litaisafisha Bwaise. Nyuma yangu walikuwapo wateja sita, na kila mmoja aliondoka na kaveera yake. Mahali fulani katika jiji hili mashine ilikuwa inazunguka, ikitoa nyingine.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari jijini Kampala.